Yule mnayemjua amenicheka mbele ya kikundi kizima: "Hongera kwa kumaliza Space Impact"

Kidoti_Chekundu (mwanzisha uzi):

Wakuu, salamu baadaye. Naandika mikono inatetemeka.

Jina simtaji. Hana haja ya kutajwa, mnamjua. Ni yule wa kiti chenye taa, kiti ambacho akikiwasha mtaa mzima unapungua umeme. Yule anayenunua gemu ile ile ya mpira kila mwaka, kinachobadilika jezi tu, halafu anahukumu gemu za dunia nzima kama kadhi.

Leo jioni nimemaliza Embodiment of Scarlet Devil, gemu ya kukwepa risasi ya mfululizo wa Kijapani wa Touhou. Normal, ugumu wa kawaida. Kwa koini moja, maana yake sijabonyeza kuendelea popote, tangu hatua ya 1 mpaka bosi wa mwisho, Remilia, anadondoka hatua ya 6. Nikapiga picha ya skrini nikaitupia kwenye kikundi. Sikujigamba. Niliandika "Alhamdulillah, hatimaye." Basi.

Tiki zikawa za bluu. Papo hapo ikaingia voisi. Nikaifungua kwa sauti ya juu, sebuleni, nikijua ni pongezi. Kicheko! Kicheko ndicho kilichotangulia, kile cha mtu aliyeegemea kiti na miguu juu. Halafu ndiyo akasema: "Hongereeee kwa kumaliza Space Impact." Hiyo "hongereeee" ameivuta nikadhani simu imeganda.

Space Impact. Ya Nokia. Mimi!

Anajua anachokicheka? Gemu hii kaitengeneza mtu mmoja. Anajiita ZUN. Kikundi chake kinaitwa Team Shanghai Alice, na hicho kikundi ni yeye peke yake: programu yeye, michoro yeye, muziki yeye. Alikuwa ameshatoa michezo mitano kwenye kompyuta za Kijapani za PC-98. Huu wa sita ndio wa kwanza wa Windows, akautoa Agosti 2002 pale Comiket, soko la kazi za mashabiki Tokyo, CD juu ya meza, mnunuzi na muuzaji wanatazamana usoni. Hakuna kampuni nyuma yake. Na wewe uliyekaa kwenye taa umetengeneza nini? Stika!

Hatua ya 5 kuna Sakuya, mtumishi wa lile jumba jekundu. Anasimamisha wakati. Unaona visu vinaota hewani, vimesimama, ncha zote zimekuelekea wewe, na huwezi kusogea. Wakati ukirudi, vinakuja vyote kwa pamoja na una nafasi ya kuchagua upenyo mmoja. Mchoro wa mhusika wako ni mkubwa, lakini panapokuua ni kidoti kidogo tu katikati yake, na gemu hii HAIKUONYESHI hicho kidoti. Iliyofuata ya 2003, Perfect Cherry Blossom, ukishika Shift unakiona. Hii ya kwangu unakaa na kukikadiria kichwani huku skrini imejaa wekundu.

Na ushahidi ulikuwa kwenye picha! Tarakimu ya mwisho ya alama ndiyo inayosema umeendelea mara ngapi. Yangu ni 0. Angetazama angeiona. Hakutazama. Alicheka kwanza.

Nikatuma na faili la marudio, aangalie mwanzo mwisho kila risasi nilivyoikwepa. Jibu lake: stika ya Nokia 3310, na kwenye kioo cha Nokia ni sura yangu. Sura yangu, wakuu! Hiyo stika aliitengeneza saa ngapi? Ina maana alikuwa nayo siku zote, ananisubiri nimalize!

Kikundi kizima kikacheka. Ila "hongereeee" ndiyo iliyoniua.


Siti_ya_Mbele:

Nimewahi siti. Karanga ninazo.


Mzee_wa_Kete:

Mkuu povu limekuwa jingi, hatukuoni. Weka hiyo voisi tusikie wenyewe tuamue.


Kidoti_Chekundu:

Siiweki. Nimeshaisikiliza mpaka najua anavutia pumzi wapi. Anacheka, anavuta pumzi, anacheka tena kidogo, NDIYO anasema hongera. Ile pumzi ya katikati ndiyo dharau yenyewe.


Fundi_Shaba:

Samahani nielewe. Kuna kitu kinaruka, kinapiga risasi, mbele wanakuja maadui, mwisho kuna bosi. Mkuu hiyo ni Space Impact.


Kidoti_Chekundu:

@Fundi_Shaba Space Impact unakwenda kulia! Hii unapanda juu! Na hakuna ndege, ni Reimu, binti wa hekalu, anaruka mwenyewe. Ukimchukua Marisa ndiyo unapanda ufagio.


Fundi_Shaba:

Ufagio. Binti anaruka usiku na ufagio. Mods hamisheni huu uzi, jukwaa lake silo hili.


Bi_Mkubwa_Tikiti:

😂😂😂 Nimeishia kwenye ufagio, nimeshindwa kuendelea.


Kakangu_Easy:

Usikute kamaliza kwenye Easy.


Kidoti_Chekundu:

NIMEANDIKA NORMAL. Ukicheza Easy gemu inakukatia hatua ya 5, Remilia humwoni kabisa. Kwenye picha yangu nipo hatua ya 6. Watu hamsomi, ndiyo maana wenzenu wanawacheka wengine kabla ya kufungua picha!


Dada_wa_Koini:

Mwanzisha uzi pole, mdogo wangu. Jamaa kakukosea adabu na kiti chake namjua, niliwahi kumwambia apunguze zile taa zinaumiza macho kwenye kamera.

Ila mtulie kidogo. Hizi mvua za risasi hazikuanza kwa ZUN. Toaplan walitoa Batsugun mwaka 1993, kampuni ikafilisika mwaka uliofuata, watu wake wengine wakaenda kuanzisha Cave wakatoa DonPachi 1995. Hizo zilikuwa mashine za kusimama, unatia sarafu, ukifa unatia nyingine. Ndiyo maana kumaliza kwa koini moja kunaheshimika. ZUN alichofanya ni kuweka majina kwenye mashambulizi ya mabosi, ile inayoitwa kadi, kila kadi ina jina lake na umbo lake la risasi. Kazi ya mikono ile.

Na kwa kuwa mnalia, ngoja nilie na mimi. Mnaniudhi nyinyi mnaojiita wapenzi wa Touhou na hamjawahi kuigusa. Mnachojua ni ile video ya vivuli vyeusi na vyeupe ya 2009, Bad Apple!!. Ule wimbo ni muziki wa hatua ya 3 ya Lotus Land Story, gemu ya 1998, PC-98. Wengine wakauongezea sauti ya kuimba, wengine wakaufanyia video, na ZUN anaruhusu mashabiki wafanye kazi zao. Lakini mtu ana picha ya Cirno kwenye wasifu, ukimuuliza Cirno ni bosi wa hatua ya ngapi anakwambia "sijafika epsodi hiyo". EPISODI? Ni gemu!


Vumbi_la_CD:

@Dada_wa_Koini hao mimi nimewakinai. Juzi mmoja kaniuliza inaonyeshwa lini kwenye televisheni.


Mzee_wa_Kete:

Cirno ni hatua ya ngapi kwani?


Dada_wa_Koini:

Ya 2. Wa barafu. Umeona? Hata wewe.


Lunatic_Bila_Bomu:

Normal kwa koini moja ndiyo mtu anafungulia uzi? Kuna watu wanamaliza Lunatic, ugumu wa juu kabisa, bila kufa, bila bomu, wanakaa kimya.


Kidoti_Chekundu:

Watu hao wakiweka picha yao wanachekwa? Wanatengenezewa stika? Suala siyo ugumu, suala ni kwamba aliANZA na kicheko. Angesema "hongera" kavu ningelala.


Kiti_Taa_Tatu:

Ngoja kwanza. Mimi nina kiti chenye taa. Nacheza mpira. Niko kwenye vikundi vingi. Huu uzi unanihusu mimi? Nijibiwe vizuri kabla sijakasirika.


Siti_ya_Mbele:

@Kiti_Taa_Tatu wewe kiti chako ni cha plastiki umekizungushia taa za Krismasi. Siyo wewe, kaa.


Kiti_Taa_Tatu:

Sawa. Ila zile taa zinabadilika rangi.


Pwani_Hapa:

Hebu ndugu yangu tulia, unywe maji. Mtu akikucheka umeshinda, mwache. Mimi shida yangu kubwa kuliko yako. Kibodi yangu ya laptopu nikishika Shift, nikashika Z ya kupigia, nikabonyeza juu na kushoto kwa pamoja, inameza kitufe kimoja. Mhusika anakwenda juu tu, kushoto haendi. Nakufa ninajiona. Na muuzaji dukani kaniambia "hii kibodi ni ya ofisini, wewe unabonyeza vingi vya nini?" Hivi hilo ni jibu la kumpa mteja?


Vumbi_la_CD:

@Pwani_Hapa kibodi nyingi za bei nafuu ziko hivyo, waya za ndani zimechangiwa, vitufe fulani vitatu havisomeki kwa pamoja. Tafuta pedi. Gemu inakubali pedi.

Ila kibodi siyo msiba. Msiba ni fundi. Nilimpelekea kompyuta feni inapiga kelele. FENI. Karudisha imefutwa yote, "nimekuwekea Windows mpya, bure". Folda ya gemu yangu ilikuwa humo, na score.dat ndani yake. Kadi zote nilizozipita, rekodi zote, Flandre, bosi wa hatua ya ziada, nilikuwa nimeshamfungua. Nikamuuliza kwa nini hukuniuliza, akasema "si gemu tu hizo". Si gemu tu!


Kidoti_Chekundu:

"Si gemu tu" na "hongereeee" ni kauli moja, mtoaji tofauti. Ndicho ninachosema tangu mwanzo! Mtu anakwepa mapovu mekundu makubwa ya Remilia, yanapita yanaacha vidogo nyuma yake, vile vidogo vinasimama halafu VINAANZA KUTEMBEA vikiwa vimekuzunguka, na mtu mwingine anafungua mdomo...


Bi_Mkubwa_Tikiti:

Fundi naye ana kosa, ila wewe nakala hukuhifadhi?


Vumbi_la_CD:

Nakala ya feni?


Shemeji_Mtulivu:

Afadhali fundi umelipia kazi. Mimi ni shemeji yangu, alikuja wikiendi, akakaa kwenye mashine, akaandika jina lake kwenye jedwali la alama. Nafasi ya kwanza mpaka ya kumi ni herufi zile zile tatu. Alama zake zote tarakimu ya mwisho si sifuri. Kaendelea kila sehemu! Na alama zinaanza upya ukiendelea, kwa hiyo sijui amepataje kunizidi. Hilo ndilo linaniuma, amenizidi kwa kuendelea.


Lunatic_Bila_Bomu:

Basi alama zako zilikuwa ndogo, shemeji.


Fundi_Shaba:

Turudi kwenye Space Impact. Mnaidharau. Ilikuwa na bosi kila mwisho wa hatua, ilikuwa na silaha za ziada, na kioo kilikuwa kidogo kuliko kidole gumba changu. Risasi ikija huna pa kwenda. Mtu aliyemaliza Space Impact ya 3310 chini ya dawati, mwalimu akiwa darasani, mpeni heshima yake.


Mzee_wa_Kete:

Kweli kabisa. Mimi niliimaliza kwenye simu ya mama huku nasubiri asiniite. Halafu mtu analalamika kafananishwa nayo, angefurahi.


Siti_ya_Mbele:

Nyoka ndiyo ilikuwa gemu. Space Impact ilikuja kwa watoto wa matajiri.


Fundi_Shaba:

Zote mbili zilikuwa ndani ya 3310, matajiri wametokea wapi?


Siti_ya_Mbele:

3310 yenyewe ilikuwa ya matajiri. Kwetu simu ilikuwa moja ukoo mzima, na ilikaa kwa babu.


Kidoti_Chekundu:

Wakuu tusitoke kwenye mada. Jamaa ametuma stika nyingine sasa hivi. Safari hii Nokia imevaa ile fundo jekundu la kichwani la Reimu. Kwa hiyo ANAMJUA Reimu! Anaijua gemu! Alijua tangu mwanzo siyo Space Impact, kasema makusudi!


Pwani_Hapa:

Stika ya fundo naiomba, nzuri hiyo.


Bi_Mkubwa_Tikiti:

Na mimi. Itumeni humu.


Dada_wa_Koini:

Mpenzi, mtu aliyeketi kuchora fundo la Reimu kwenye Nokia ni shabiki. Muulize kadi gani imemshinda. Nina hakika Sakuya alimfanya auze kiti cha kwanza.


Kidoti_Chekundu:

Simuulizi kitu. Aombe radhi kwa voisi, bila kicheko, na asivute neno.


Kiti_Taa_Tatu:

Wakuu mimi ninayo 3310 yenyewe, ipo kabatini, haijafunguliwa kioo. Betri nadhani bado nzima ila chaja imepotea. Ile pini nene, siyo nyembamba. Kuna mwenye nayo?


Fundi_Shaba:

@Kiti_Taa_Tatu ninayo, ila waya umefungwa selotepu karibu na kichwa. Upo wapi?


Kiti_Taa_Tatu:

Morogoro, karibu na stendi ya Msamvu.


Fundi_Shaba:

Nitampa kondakta Jumamosi. Ikiwaka nitumie picha ya alama zako za Space Impact.