Naombeni ushauri, nataka kumpeleka bibi Kaole kwa miguu

Wadau habarini, jumamosi nampeleka bibi yangu Magofu ya Kaole, kaishi hapa Bagamoyo miaka yote ila hajawahi kufika, mi mwenyewe nilienda mara moja tu na shule. Sasa shida anataka tutembee toka mjini tupite ufukweni, ni kama kilomita 5 kwenda kusini, eti bajaji ni za wavivu, na goti lenyewe akipanda ngazi mbili tu lishaanza kulia kama bawaba ya mlango. Nawaza tutoke asubuhi maji yakikupwa, ila yakijaa tukiwa njiani si tutaishia kwenye mikoko na matope? Halafu kule kwenye vichaka nasikia simu zinanyang'anywa, kuna ulazima wa kuchukua muongoza watalii? Pale ndani kwenye misikiti na makaburi mtu wa mkongojo anapita vizuri? Yeye hata habari za magofu kuwa ya karne ya 13 hana, anautaka ule mbuyu wa pale tu, kaambiwa ukiuzunguka unaongezewa miaka, na khanga ya kwendea kashapiga pasi tangu jana. Na kiingilio wanapokea keshi au mpaka kontrol namba (ile namba ya kulipia serikalini)?