Dogo anataka nimtambulishe kwa tajiri wangu wa dagaa, naogopa jina langu litachafuka

Binti_Mwaloni:
Wakuu habari za jioni, naomba ushauri wa kweli maana nyumbani hatuelewani kabisa.

Mimi nauza dagaa hapa Mwaloni Kirumba, soko la samaki Mwanza. Mzigo napokea kisiwani kwa mzee mmoja ana kambi yake ya uvuvi, hatuna mkataba wala karatasi, ni mali kauli tu, yaani napewa mzigo kwanza nalipa nikishauza. Giza likiwa zuri, zile siku zisizo na mwezi ambazo dagaa wanavuliwa, ananipigia, mwanangu nimepakia, pokea kesho. Nauza kwa wateja wangu wa Kahama na Dodoma halafu namrushia hela yake kwa simu kipindi cha mbalamwezi vijana wake wakiwa wamepumzika, maana giza likirudi anataka mafuta na posho. Tumeenda hivyo miaka mingi, imefika hatua wabeba mizigo wakiona herufi zangu zimeandikwa kwa maka pen kwenye gunia hawaulizi, wanaleta stoo moja kwa moja.

Sasa mdogo wangu wa kiume karudi kutoka machimbo huko Geita, mfukoni hana kitu, anataka kuingia kwenye dagaa. Na haombi hela, ingekuwa hela ningetafuta yaishe. Anataka nimpigie mzee nimwambie huyu ni damu yangu, mpe mzigo. Shida ni kwamba dogo nyumbani tunamjua, aliwahi kukopa hela za kikoba kupitia jirani yetu, akasema narudisha wiki ijayo, akapotelea machimboni, mama ndio akalipa kidogo kidogo kwa hela za maandazi. Anasema kabadilika, na inawezekana, watu wanabadilika. Mama naye anasema nikikataa mtaa mzima utasema nina roho mbaya, nimeshiba nikamwacha ndugu yangu anashinda kijiweni. Yaani nikimtambulisha naweza kuchafuka Mwaloni, nisipomtambulisha nachafuka nyumbani. Nifanyeje?

Mjita_wa_Majita:
Usithubutu. Ndugu mpe chakula, mpe nauli, mpe hata chumba. Tajiri wako usimpe mtu.

Mwenye_Karabai:
Dada mimi nipo upande wa huyo mzee wako, nina mitumbwi yangu huku visiwani (karabai zenyewe tumeshaacha siku hizi ni taa za sola, jina limebaki), ngoja nikwambie tunavyofikiria.

Nikitoa mzigo bila hela, ule mzigo kwangu ndio mafuta ya giza linalokuja. Usiporudi kwa wakati vijana hawaingii ziwani, wanakaa kambini wanakula ugali wangu, na kijana mzuri akikaa giza moja bila kazi anahamia kambi ya jirani. Kwa hiyo akiletwa mtu mgeni hatuulizi ana nini, tunauliza kaletwa na nani. Akikimbia, deni linaandikwa kwako hata kama hukusaini popote, na hutasikia nikikulalamikia, utaona tu simu yangu haiji tena, mzigo unashuka kwenye stoo ya mtu mwingine. Na habari huku inatangulia boti. Nahodha akishasikia, na mama lishe akishasikia, kambi zote za upande huu zinajua kabla ya jua kuzama.

Ila kuna kitu wengi wenu huko mjini hamkijui. Kuchelewesha hela kwetu sio kosa kubwa. Mvua imenyeshea dagaa wakaharibika ukawauza kwa watu wa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa, mteja wa mbali hajalipa, hayo tunayajua, na sisi yanatupata. Kosa ni kuzima simu. Mtu akinipigia mwenyewe akasema tajiri nimekwama, nina nusu, nusu nivumilie, huyo giza lijalo nampakia tena na roho yangu nyeupe. Sasa nikuulize, ile habari ya kikoba ilipotokea dogo alikuwa anapokea simu?

Binti_Mwaloni:
Alizima. Na laini akabadilisha.

Mwenye_Karabai:
Haya.

Kayenze_Juu:
Mnamuhukumu kijana wa watu kana kwamba dada yake alizaliwa na jina tumboni. Binti, wewe nani alikupeleka kwa huyo mzee? Hukuamka tu asubuhi ukaanza kushushiwa gunia. Kuna mtu alisimama akasema nampa dhamana huyu, na siku ile hukuwa na rekodi yoyote. Leo umepanda juu unataka kuvuta ngazi.

Halafu mnavyolitukuza hilo jina kuna watu linawamaliza. Hapo hapo Mwaloni kulikuwa na jamaa mkubwa tu, anaaminika mpaka visiwa vya mbali, akayumba kidogo biashara. Badala ya kupiga simu kambini aseme ukweli kama alivyosema mkuu hapo juu, akaona aibu, mtu kama yeye ataanzaje kuomba muda? Akaenda kukopa kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kubwa, ili walipwe siku ile ile aliyozoea. Akalipa, jina likabaki safi linameremeta. Kausha damu wakamfuata, akaongeza mkopo kufunika mkopo, mwisho kiwanja chake cha Kisesa kikaenda, na kambini hakuna aliyejua mpaka alipoacha biashara. Sasa hapo jina lilimsaidia nini? Alikuwa analifanyia kazi yeye.

Mama_wa_Nyamanoro:
Kayenze umeongea vizuri ila na wewe unachanganya. Aliyemtambulisha binti alikuwa anamjua hazimi simu, ndio tofauti.

Mwanangu sikiliza. Jina la yule mzee sio la kugawa, ila gunia ukishalipokea ni lako, hilo unaweza kugawa. Toa mawili kutoka stoo kwako umpe mali kauli, wewe ndio uwe tajiri wake. Auze rejareja Buzuruga au Igoma huko, apime kwa kopo kama wenzake. Akirudisha unampa matatu. Akila hela umepoteza gunia mbili, inauma lakini mzee hajui na wala hatajua. Na usimpe tu ukamwacha, mfundishe kununua. Vijana wengi wanaangalia mdomo wa gunia, wanaona dagaa wanang'aa wanalipa. Azamishe mkono mpaka kwenye kiwiko, avute wa chini, awasugue kiganjani aone mchanga unaobaki, anuse. Chini ya gunia ndio utamjua aliyefunga.

Mama yako usigombane naye. Mwambie sijakataa, nimempa mtaji. Watu wa mtaani wakimuona dogo anapima dagaa hawatauliza zimetoka kwa nani. Na faida ya kwanza kabisa amrudishie mama ile hela ya maandazi, hata ikiwa kwa mafungu, hapo ndio utajua kabadilika au kachoka tu machimbo.

Mstaafu_Capripoint:
Mimi niongeze kimoja. Vijana hamkumbuki mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipofunga soko kwa samaki wa ziwa letu la Victoria, sisi, Kenya na Uganda wote kwa pamoja, kwa sababu kuna watu walikuwa wanavua kwa sumu. Wangapi walikuwa wanamwaga sumu ziwani? Wachache. Lakini viwanda vya minofu hapa Mwanza vikatikisika na sangara akashuka bei hata kwa mvuvi ambaye sumu hajawahi kuishika. Kule mbali hawakujua fulani wala fulani, walijua ziwa moja. Kwa hiyo binti usidhani hilo jina ni lako peke yako, dogo akivurunda kisiwani atakayeumia sio wewe tu, hata wenzako wa meza za jirani wanaotaka mali kauli kule wataanza kuombwa keshi.

Mjita_wa_Majita:
Mzee tumetoka kwa dogo tumefika Ulaya 😂😂 ila point ipo

Kayenze_Juu:
Sawa, la gunia mbili nakubali. Ila dada mpe na tarehe. Ukimwambia akifanikiwa nitamtambulisha, hiyo "akifanikiwa" ni lini? Mtu akijua anapimwa bila mwisho anakata tamaa anarudi Geita.

Binti_Mwaloni:
Asanteni jamani, nimewasoma wote. Nimeongea na dogo jioni hii, kakasirika kwanza, anasema namfanya mtoto, baadaye kapoa akauliza atauzia wapi. Nimemwambia magiza matatu akilipa vizuri nampeleka kisiwani mwenyewe akaonane na mzee uso kwa uso. Kuhusu mama wala hajaniambia kitu, kanyamaza tu. Stoo nina za mchanga, zilizoanikwa chini, na za chanja, zilizoanikwa juu ya kichanja, nimuanzishie zipi? Za mchanga bei yake nyepesi kidogo.

Mwenye_Karabai:
Za chanja. Mteja wa rejareja akitafuna mchanga siku ya kwanza harudi kwake, na dogo atakuletea kisingizio ambacho ni cha kweli. Na mwambie akikwama apige simu.