Mdogo wangu anataka kuacha pombe lakini hawezi kulala rihabu

Dada_wa_Umoja:
Habari zenu. Mdogo wangu ni fundi wa kuchomelea pale Kariobangi Light Industries. Asipozimua asubuhi, yaani asipokunywa kidogo cha kutuliza mwili, mkono haushiki kifaa. Juzi alimimina chai nusu kikombeni, nusu mezani. Mwenyewe amesema amechoka. Kituo kimoja kinataka alale siku 90, na bei yake inapita kodi yetu ya mwaka. Tena akipotea miezi mitatu, nafasi yake kibandani imekwenda. Kuna tiba ya kwenda na kurudi nyumbani? Inafaa, ama ni kumaliza nauli tu?

Mlevi_wa_Zamani:
Ipo dada, na ndiyo iliyonitoa mimi. Lakini huo mtetemo usiupuuze. Aliyefika kuzimua kila asubuhi haachishwi pombe ghafla nyumbani. Mimi nilijifanya jabali, nikaacha Ijumaa. Jumapili nikaanguka kifafa sebuleni, na kifafa sijawahi kuwa nacho. Daktari amwone kwanza. Kama amewahi kuanguka au kuona vitu visivyokuwepo, huenda akalazwa siku chache, mkubali tu. Asipolazwa, atapewa dawa ya kutuliza mwili, dozi ikishuka siku hadi siku, pamoja na vitamini B1. Dawa hiyo uishike wewe, na isikutane na pombe.

Kliniki yenyewe inaanza baadaye. Nilikwenda jioni tatu kwa wiki: mbili za kundi, Alhamisi mimi na kaunsela. Kikao si kigumu, unakaa, unaongea, unalia kidogo. Kazi ni kutoka pale hadi nyumbani. Steji yangu ilitazamana na mlango wa kilabu nilichokunywa miaka 11, mpaka mwosha glasi ananijua kwa jina la utani. Kaunsela akanichorea njia nyuma ya risiti: shuka steji moja kabla, pitia nyuma ya kanisa. Dakika 15 zaidi, mvua inyeshe isinyeshe. Malipo ya Jumamosi yakawa yanaingia kwa simu ya mke wangu. Niliteleza mwezi wa nne. Jumatatu nikarudi kliniki, hakuna aliyenifukuza.

Mama_Wawili:
Piga 1192, laini ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, haina malipo. Na kama anatumia unga pia, yaani heroini, sema mapema, njia yake ni nyingine. Hospitali ya Mathari, Nairobi, wana kliniki ya methadoni, dawa inayoshika nafasi ya unga, tangu 2014: mtu anakunywa dozi yake kila siku mbele ya muuguzi, kisha anaenda zake kazini.

Dada_wa_Umoja:
Unga hapana, ni chang'aa. Nimempigia, amekubali twende kesho asubuhi. Anauliza kama anaweza kuzimua kabla hatujatoka.

Mlevi_wa_Zamani:
Usiku huu asijikaze kuacha. Asubuhi anywe kile kidogo cha kumtuliza tu, asilewe, na amtajie daktari saa na kiasi. Mimi nilisema "chupa mbili tatu". Mke wangu alicheka pale pale mbele ya daktari.