Ukoo wa Kikwajuni: mkate wa hitma

Jumatano

Dada Zuhura: Assalaam alaykum wana ukoo. Hitma ya Babu ni Jumapili hii baada ya alasiri, nyumbani kwa Bibi Kikwajuni, tushakubaliana msinigeuke tena. Pilau wamechukua watu wa Mikunguni, halua na kahawa Ami Seif kashatuma pesa Mungu amzidishie. Kilobaki ni mkate. Mwaka huu sitaki mabofulo ya kununua na sitaki watu kukesha, mashine ya mkate ilokuja na Khalfan kutoka Muscat ipo kwangu hapa, unatia maji unatia unga unatia hamira unabonyeza unaenda zako kulala. Naomba majibu leo leo

Dada Zuhura: Watu 19 mmesoma. Nawaona

Hashim: 👍

Dada Zuhura: Hashim hiyo 👍 ni ndio au ni nimeona?

Hashim: 👍

Khalfan: mashine yenyewe mie ndo nimeipakata kama mtoto toka Muscat mpaka Kisauni, uwanja wa ndege wameifungua mara mbili, yule askari ananiuliza hii nini namwambia mkate, ananiambia mkate uko wapi 😂

Dada Zuhura: Khalfan tuko kwenye jambo la maana

Halati Mwanaidi: Waalaykum salaam. Mkate gani lakini Zuhura? Bofulo, wa ufuta, wa kumimina? Maana Babu yenu mkate wake ulikuwa wa ufuta, bofulo alikuwa hali mpaka liwe na supu

Dada Zuhura: Bofulo Halati, ndo linalotoka kwenye mashine

Halati Mwanaidi: Kumbe mashine ndo imechagua

Salma Fuoni: 😂😂😂

Dada Zuhura: Salma karibu, ushaamka

Salma Fuoni: nipo siku zote dada. nna suali moja tu, mkate wa ufuta unga wake laini unavutika, unautandaza kwa mkono wenye maji kwenye kikaango cha chuma, chini ukishashika unakibinua kikaango mdomo unatazama makaa ili juu uive na ufuta upige rangi. hiyo mashine itajibinua?

Khalfan: itajibinua na itasoma na yasini

Dada Zuhura: Astaghfirullah Khalfan

Salma Fuoni: na usije ukatumia vile vikaango vya kisasa visivyoganda, mkate haushiki unaangukia makaa wote, Biubwa alifanya hivyo tukala jivu

Biubwa: Nilijua ntatajwa

Nassor Toronto: Salaam wote, huku mchana ndo naona. Mashine ya Muscat umeme wake uko sawa na wa huko? Angalieni kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomeka

Khalfan: kaka Nassor wewe na mambo ya kibandiko 😂😂 blenda!!

Biubwa: Ile blenda jamani 😭 moshi mpaka kwa jirani

Nassor Toronto: Canada umeme ni volti 120 huko ni 230, niliandika kwenye boksi kwa kalamu nyekundu isichomekwe bila transfoma. Mara ngapi ntasema

Salma Fuoni: uliandika kwa kizungu kaka

Ami Seif Muscat: Assalaam alaykum. Huku ni 240 na plagi ni ile ile ya miguu mitatu, haina tatizo, chomekeni moja kwa moja. Sisi tunayo ya namna hiyo hiyo hapa nyumbani. Ila Zuhura mwanangu ushaijaribu?

Dada Zuhura: Ami kijitabu nimekisoma chote. Majimaji kwanza, unga juu yake, chumvi na sukari pembeni, hamira mwisho kabisa unaichimbia kishimo kikavu juu ya unga isiguse maji mpaka mashine ianze yenyewe. Mkate mkubwa ni gramu 900, unga nusu kilo na kidogo, pakti moja ya hamira ile ya gramu 7. Masaa matatu umetoka

Ami Seif Muscat: Kusoma ni kuzuri

Khalfan: ngojeni nipige hesabu. watu 80 kila mtu vipande viwili ni 160. mkate mmoja ukikata vizuri vipande 13 hivi, sema mikate 12. saa tatu mara 12 ni masaa 36. dada ukitaka iwe tayari Jumapili saa kumi jioni inabidi ubonyeze Jumamosi saa kumi alfajiri na usiizime hata kwenda chooni na umeme usikatike hata dakika

Biubwa: 💀

Salma Fuoni: na huo mkate wa kwanza mpaka Jumapili utakuwa wa kuchovya kwenye chai kwa nguvu

Dada Zuhura: Hakuna aliyesema mikate 12 yote ya mashine

Salma Fuoni: umesema unabonyeza unaenda kulala dada, nikupandishie ujumbe wako?

Dada Zuhura: Mie natafuta urahisi wetu sote. Kila mwaka wanaokanda ni wale wale

Salma Fuoni: sasa hapo umenigusa. wale wale ni nani? harusi ya Biubwa kilo ishirini nilikanda mie na Rahma tu mpaka adhana ya alfajiri, wenzetu mko chumbani mnapakwa hina milango imefungwa, asubuhi mkate mmoja umetoka mbichi katikati, MMOJA, mpaka leo unaitwa mkate wa Salma

Dada Zuhura: Na lile sufuria langu kubwa ulilokandia limerudi?

Salma Fuoni: sufuria liko kwa Mama Mudi na unajua kwa nini liko kwa Mama Mudi

Halati Mwanaidi: Msianze ya Mama Mudi

Biubwa: Mtu harusi yake ishafika miaka tisa bado inafukuliwa

Khalfan: kwani mechi ya leo saa ngapi

Alhamisi

Dada Zuhura: Sabalkheri. Turudi kwenye mkate. Nataka majina ya watu, kilo za unga, na nani ana oveni inayofanya kazi. Isiwe mnasoma mnapita

Hashim: 👍

Mundhir: Dada mimi nilikuwa safarini nimesoma kwa haraka, kwa nini tusinunue tu mabofulo ya tanuri pale njiani yakiwa ya moto, kila mtu achange kidogo biashara iishe

Dada Zuhura: Mundhir ujumbe wangu wa kwanza kabisa umejibu hilo

Mundhir: Ni mrefu

Ami Seif Muscat: Mie naona hivi. Sisi hapa hiyo mashine tunaitumia kukandia tu. Kuna kitufe cha kukanda bila kupika, kama saa moja na nusu inakanda na kuumua, unatoa unga unautengeneza unavyotaka wewe unautia oveni. Ule mkate unaopikwa humo ndani unatoka mrefu wa kusimama, chini una tundu la kile kichuma kinachozunguka, ngozi yake ngumu pembeni na juu laini, wageni wataulizana. Ila na hivyo haizidi unga nusu kilo na kitu kwa mara moja, ukilazimisha inafurika mpaka kwenye waya wa moto ndani inanuka nyumba nzima

Halati Mwanaidi: Kwa hiyo kilo saba za unga unakanda mafungu zaidi ya kumi. Mikono minane inamaliza kabla hujaenda kuswali

Mundhir: Mikono minane ni watu wanne Halati au pweza

Halati Mwanaidi: Ni watu wanne mjinga wewe, kila mmoja kilo moja na robo tatu. Unakanda robo saa, mwanzo unagandia vidole unataka kuongeza unga, USIONGEZE, hapo ndipo wengi mnapoharibu, unaendelea hivyo hivyo mpaka unajibandua wenyewe kwenye sinia. Ukiubinya uwe laini kama ndewe ya sikio. Hapo unafunika na kitambaa kibichi

Salma Fuoni: na maji ya kawaida ya bomba, si vuguvugu. hicho kijitabu kimeandikiwa watu wa baridi, kwa joto hili ukitia ya moto unga unaumuka nusu saa unapanda unashuka mkate unanuka pombe

Dada Zuhura: Hilo la maji kweli sikulijua

*[ujumbe huu umefutwa]*

Khalfan: dada umefuta nini nimeshaona 😂 "hilo la maji kweli"

Dada Zuhura: Halati jina lako naandika?

Halati Mwanaidi: Mie mgongo huu? Mie nasimamia

Dada Zuhura: Haya Biubwa?

Dada Zuhura: Biubwa?

Biubwa: Jumamosi nna shifti

Dada Zuhura: Salma?

Salma Fuoni: nakanda nikiona mtu wa pili. siandikwi wa kwanza tena nikawa wa mwisho

Khalfan: mie niko Dar ila nawaombea

Nassor Toronto: Ladha ya mkate wa mkono lakini hailingani jamani. Ule wa Bibi, huku nikinusa tu hamira nakumbuka. Tusiupoteze kwa ajili ya mashine, ni utamaduni wetu huu

Mundhir: Kweli kabisa kaka

Biubwa: Mkono una baraka zake

Nassor Toronto: ❤️

Dada Zuhura: Nassor nikuandike kilo ngapi?

Rahma: Assalaam alaykum. Bibi amenambia nimsomee kikundi chote tangu jana, nimemsomea. Alitaka kutuma voisi lakini sauti leo imemkauka, kasema niandike neno kwa neno nisipunguze. Naandika

Rahma: "Salaam wajukuu na wanangu. Nimesikia. Kila mmoja anasema mkate wa mkono, mkono una ladha, mkono una baraka. Mkono wa nani? Babu yenu kala mkate wa mkono wangu mpaka anaondoka, na nyinyi mmekula, mnakuja na makontena yenu. Tangu mfungo uliopita hivi viganja havikunji, hata tasbihi inaniponyoka, kitanga cha unga sikigusi. Aliyeniuliza ni Seif peke yake. Ndio akanunua hicho chombo akanambia mama naleta kitu kikukandie. Kanunulia mie, si hitma. Mwezi wa pili huu nauliza kiko wapi naambiwa kinakuja, kumbe kiko kwa Zuhura. Sina neno. Jumapili mkipika kwa mashine ntakula, mkipika kwa mikono basi iwe mikono yenu. Lakini mkate wa marehemu usigombaniwe, mkiugombania mie siutii mdomoni."

Hashim: 👍

*[Hashim amefuta ujumbe huu]*

Halati Mwanaidi: Umesema mama. Shikamoo

Salma Fuoni: shikamoo Bibi 🙏

Mundhir: Shikamoo Bibi

Nassor Toronto: Shikamoo Bibi. Nakupigia leo

Rahma: Anasema marahaba wote. Anasema Nassor ukipiga usipige usiku wa manane wa huku

Dada Zuhura: Shikamoo Bibi. Bibi mie niliiweka kwangu kwa sababu ile soketi ya jikoni kwako ilikuwa haifanyi kazi nikaogopa isije ikaungua kama ya blenda, si kwa kuichukua, Mungu shahidi

Rahma: Soketi fundi katengeneza Maulidi yale dada

Dada Zuhura: Sikuambiwa

Rahma: Ulikuwepo ndo ulimlipa

Khalfan: 👀

Ami Seif Muscat: Basi basi. Mashine ipelekwe kwa Bi Mkubwa kesho Ijumaa baada ya sala, Rahma atajaribu mkate mmoja mdogo wa Bibi wa chai. Hayo ya hitma ni jambo jengine

Dada Zuhura: Sawa Ami. Mundhir utapita na gari kuichukua?

Mundhir: Gari ipo kwa fundi, ntaangalia

Dada Zuhura: Na ya hitma nafunga hivi, asiyependa aseme sasa hivi. Jumamosi baada ya alasiri kwa Bibi, tunakanda kwa mkono mbele yake atuelekeze. Kilo saba za unga ntanunua mie Darajani. Nusu bofulo nusu wa ufuta. Makaa nani?

Salma Fuoni: wa ufuta naubinua mie, vikaango vya chuma ninavyo viwili. bofulo mjijue

Halati Mwanaidi: Yule jirani mwenye tanuri akishamaliza mikate yake ya asubuhi moto haufi mpaka adhuhuri, ntamuomba tupeleke sinia zetu Jumapili. Sijasema kakubali, nimesema ntamuomba

Dada Zuhura: Kwa hiyo unga ukikandwa Jumamosi utalala mpaka asubuhi? Kwa joto hili?

Salma Fuoni: friji. hamira nusu ya kawaida, unalala kwenye friji na ladha inazidi kuwa nzuri

Biubwa: Friji ya Bibi imejaa samaki wa Mikunguni

Dada Zuhura: Basi friji ya nani? Jamani watu 19. Friji tu naomba

Dada Zuhura: Na makaa bado

Dada Zuhura: Mpaka sasa nna Salma, nna Rahma, mie, na wa nne?

Hashim: Mimi nakuja

Khalfan: HASHIM ANA HERUFI 😂😂😂

Biubwa: Mwaka wa ngapi huu tunasubiri

Halati Mwanaidi: Mwacheni mtoto wa watu. Hashim ukate kucha

Ijumaa

Dada Zuhura: Jumaa mubaarak. Bado friji na makaa. Mashine imeshafika kwa Bibi nimeileta mwenyewe kwa bodaboda, Mundhir ahsante kwa gari yako

Rahma: Imefika. Nimeitoa kwenye boksi, Bibi kaishika kaizungusha kasema nzito. Ami Seif suali, chombo cha ndani kina ka mhimili kamesimama katikati peke yake, hakina kitu juu. Nikitia unga nini kitakanda?

Ami Seif Muscat: Juu yake kinakaa kile kichuma kidogo cha kukandia, unakipachika kwenye mhimili kabla ya maji. Zuhura kwako hakikuwemo?

Dada Zuhura: Mie boksi sikulifungua Ami, nilisoma kijitabu tu kilikuwa nje

Salma Fuoni: 🙂

Ami Seif Muscat: Nakumbuka sasa. Nilikitoa nikakifunga kwenye soksi kisipotee njiani, nikakitia kwenye ule mfuko wa tende niliompa Khalfan. Khalfan?

Dada Zuhura: Khalfan

Dada Zuhura: Khalfan nakuona unaandika

Khalfan: Ami zile tende si ulisema nigawe