Naombeni ushauri: binti yangu wa miaka 9 anataka kumchangishia mwenzake kiti cha magurudumu

Mama Nuru
Habari zenu wanajamvi. Naombeni ushauri, hasa kwa wazazi na walimu.

Darasani kwa binti yangu kuna mtoto anayetumia kiti cha magurudumu, na kiti chenyewe kimechoka. Gurudumu moja la mbele halizunguki, wakimsukuma kinavuta upande. Binti amerudi nyumbani na daftari lenye mpango mzima: apite nyumba kwa nyumba na kopo, auze michoro yake, na siku ya kukabidhi apigwe picha na mwenzake ili waliochanga waone. Kaka yake wa miaka 14 amekubali kusaidia, ila kauliza kwanza kama atapata cheti cha kujitolea.

Sitaki kumvunja moyo huyu mdogo. Lakini nyumba kwa nyumba naogopa, ile picha hainikai vizuri, na pesa za watu ni pesa za watu. Baba yao anasema tutoe sisi wenyewe tumalize. Nyie mngefanyaje?

Kibubu
Hongera kwa malezi, mama. Nyumba kwa nyumba peke yake hapana kabisa. Mchana, kwa watu mnaofahamiana nao, na mtu mzima awe anaonekana. Mengine wajuzi watakuja.

Mwalimu wa Zamu
Kabla ya kopo na michoro, kuna swali moja: huyo mtoto mwenye kiti ameulizwa? Wazazi wake je?

Nimefundisha miaka mingi. Michango mingi ya shuleni huanza kwa nia safi, halafu mtoto anayesaidiwa anasikia jina lake likitangazwa mstarini mbele ya shule nzima. Kuanzia hapo si rafiki tena, amekuwa "yule tuliyemchangia". Nenda wewe mtu mzima ukazungumze na mama yake faragha, bila binti, ili mama aweze kukataa bila aibu. Wakikubali, muulizane jina litajwe au lisitajwe. Tangazo linaweza kusema tu "mwanafunzi mwenzetu", na watu watachanga vilevile.

Picha ya makabidhiano iacheni. Waliochanga wanastahili taarifa, hilo ni kweli, lakini barua fupi iliyoandikwa na binti mwenyewe inatosha: tulipata kiasi hiki, tulinunua hiki, ahsanteni. Mwenzake akitaka kupiga picha na kiti chake kipya, hiyo ni picha yake, aiweke anapotaka.

Mtaalamu Viungo
Namuunga mkono Mwalimu, na ninaongeza jambo la kitaalamu kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Kiti cha magurudumu hakinunuliwi kwa kukadiria kwa macho. Mtumiaji anapimwa upana wa nyonga, urefu wa paja kutoka makalioni hadi nyuma ya goti, urefu wa mguu toka gotini hadi kisigino, na kimo cha mgongo. Kiti kikiwa kipana mno mtoto anaegemea upande mmoja na uti wa mgongo unaweza kupinda. Kikimbana, au mto wake ukiwa mbaya, anapata vidonda vya mgandamizo, na kama hana hisia vizuri sehemu hiyo anaweza asijue mpaka kidonda kimeshaingia ndani. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu viti hivi mwaka 2008, na umesisitiza hilohilo: upimaji, kukirekebisha kiti kimfae mtumiaji, mafunzo, na matengenezo baadaye.

Kwa hiyo mama yake amuulize kwanza mtaalamu wa afya anayemhudumia mtoto. Huenda kinachohitajika ni gurudumu la mbele na mto mpya tu. Na kama ni kiti kizima, kumbukeni mtoto anakua. Tengeni fungu la kukirekebisha, la sivyo baada ya muda mtarudi palepale.

Sauti ya Tatu
Mimi natofautiana nanyi wote. Mtoto wa miaka 9 kushika kopo ni kumfundisha kuomba. Kazi ya kuchangisha ni ya wakubwa. Watoto wasome na kucheza.

Mwalimu wa Zamu
Sauti ya Tatu, hoja yako ina uzito pale ambapo mkubwa ndiye mwenye shida ya pesa na mtoto anatangulizwa kwa sababu sura yake inalainisha watu. Huo ni unyonyaji, na Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unaukataza katika kifungu cha 32. Lakini kifungu cha 12 cha mkataba huohuo kinampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Binti huyu hakutumwa. Ameona jambo darasani kwake, akaandika mpango. Tukimwambia "waachie wakubwa", tunamfundisha kupita pembeni.

Sauti ya Tatu
Hapo sawa. Ila asikatishwe masomo, na akichoka aruhusiwe kuacha.

Baba Wanne
Mama Nuru, kuhusu mzee kutaka kulipa mwenyewe. Kuna mtoto wa Kanada, Ryan Hreljac. Mwaka 1998 akiwa na miaka 6 alisikia shuleni kwamba dola 70 zingetosha kuwapatia watu kisima. Aliwaomba wazazi wake. Hawakumpa. Walimwambia afanye kazi za ziada nyumbani, azipate kidogo kidogo. Akafanya kwa miezi minne. Alipozipeleka akaambiwa kisima kinagharimu dola 2,000 hivi. Hakuacha, aliendelea, watu wakamuunga mkono, na mwaka 1999 kisima kikachimbwa kwenye shule ya msingi ya Angolo, kaskazini mwa Uganda.

Wazazi wake wangetoa zile 70 siku ya kwanza, mambo yangeishia palepale. Mwambie mzee pesa yake iingie mwishoni kama mchango wa mchangiaji mwingine yeyote, iandikwe daftarini. Michoro iuzwe, hiyo ni kazi ya mikono yake.

Na mfanye mazoezi ya kuomba hapo nyumbani. Sentensi nne zinatosha: shikamoo, naitwa fulani, tunachangia kitu fulani, na kama leo huna si neno, ahsante kwa kunisikiliza. Hiyo ya mwisho airudie mpaka aiseme akitabasamu, maana watakaokataa ni wengi na baadhi watakataa vibaya.

Mtunza Hazina
Pesa sasa. Nimeshika fedha za vikundi, na ugomvi wote niliouona ulianzia kwenye kuhesabu.

Kopo lifungwe kwa gundi, libaki tundu tu. Likifunguliwa, wanahesabu watu wawili, mmoja awe mtu mzima asiye wa nyumbani kwenu (mwalimu wa darasa anafaa sana). Kiasi kinaandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, wote wawili wanasaini, mzigo unakwenda benki au kwa shule siku hiyohiyo. Msitumie namba ya simu ya binafsi kupokelea michango. Na ulizeni kwanza kama sheria za mnapoishi zinataka kibali cha kuchangisha hadharani. Sehemu nyingi zinataka, na kupitia shule hurahisisha.

Dada Mkubwa
Naona kaka mtu amesahauliwa. Watafiti Warneken na Tomasello walichapisha mwaka 2008 jaribio la watoto wa miezi 20. Waliopewa zawadi kila waliposaidia, baadaye walisaidia kidogo kuliko wasiopewa kitu. Waliosifiwa kwa maneno tu hawakupungua. Wa miaka 14 si mtoto wa miezi 20, najua, lakini mimi nisingemuahidi cheti mapema. Mpe kazi ya kweli: asimamie daftari, aulizie bei sehemu tofauti, atengeneze tangazo. Akimaliza vizuri, shule ikimwandikia barua ya kumtambua, ni haki yake. Kijana wa umri huo anahitaji barua za aina hiyo, wala si tamaa.

Mama Nuru
Ahsanteni sana. Nimezungumza na mama wa mtoto. Alinyamaza kwanza, kisha akafurahi, ila ameomba jina lisitajwe. Amesema mwanawe mwenyewe angependa kuwa kwenye kamati, achore na yeye. Binti amelipokea hilo vizuri kuliko nilivyotegemea, picha kaifuta mwenyewe kwenye mpango. Kaka anashika daftari. Wiki ijayo mtoto anakwenda kupimwa kwa ajili ya kiti.

Swali langu la mwisho: pesa zikizidi?

Mtunza Hazina
Muamue leo, kabla ya senti ya kwanza, na mwandike kwenye tangazo lenyewe: "Kitakachozidi kitakuwa cha matengenezo ya kiti." Mtaalamu ameshasema yatahitajika.