Naomba ushauri: asilimia kwenye risiti zinawachanganya wanafunzi

Walimu wenzangu, habari za kazi. Naomba msaada kuhusu kufundisha asilimia Kidato cha Pili ili mwanafunzi aweze kuitumia dukani na sokoni.

Kosa kubwa ni hili. Risiti inasema jumla sh. 118,000, VAT 18% ikiwemo. Ukiuliza kodi ni kiasi gani, wengi wanachukua 118,000 × 18/100 wanapata 21,240. Jibu ni 18,000, kwa sababu 18% ni ya bei kabla ya kodi, yaani 118,000 × 18/118. Kuzidisha wanajua vizuri sana, hawajiulizi tu "asilimia ya nini?"

Kinachosaidia kiasi ni utepe wa karatasi wa sm 118, wenye alama kwenye sm 100. Kila sentimita ni sh. 1,000, kwa hiyo kipande cha kodi, sm 18, kinaonekana kwa macho.

Shida inarudi kwenye faida. Ndoo ya nyanya imenunuliwa 15,000, ikauzwa 18,000. Faida ya 3,000 ni 20% ya mtaji, lakini ni kama 16.7% ya mauzo. Hapo wanakimbilia kanuni ya kukariri, na utepe wanausahau kabisa.

Je, nianze na nyanya kwanza, risiti baadaye? Na kwenye mtihani, mnaulizaje swali ambalo kanuni iliyokaririwa peke yake haiwezi kulijibu? Mwenye mfano wa swali alilokwisha kulitumia darasani, tafadhali aliweke hapa pamoja na makosa yaliyojitokeza.