Je, kuwepo kwa majasusi wa Kisovieti kulihalalisha msako wa wakomunisti Marekani?

Ndugu wanajamvi, mchangiaji aliyetangulia ametetea msako wa wakomunisti uliofanyika Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili kwa hoja nzito: kwamba majasusi wa Kisovieti walikuwepo kweli, na kwamba telegramu za siri za Wasovieti zilizofumbuliwa na Wamarekani katika mradi wa Venona, na kuwekwa hadharani mwaka 1995, zimelithibitisha hilo. Kuhusu majasusi hatuna ugomvi. Mwanafizikia Klaus Fuchs aliwapa Wasovieti siri za bomu la atomiki, na Julius Rosenberg, aliyeuawa kwa kiti cha umeme pamoja na mkewe mwaka 1953, aliitumikia Moscow.

Ninachokataa ni kuupa msako huo sifa isiyo yake. Fuchs alinaswa na wataalamu waliofumbua telegramu hizo kimyakimya, akakamatwa London tarehe 2 Februari 1950. Seneta Joseph McCarthy alisimama Wheeling, West Virginia, wiki moja baadaye, akidai ana orodha ya wakomunisti waliojazana Wizara ya Mambo ya Nje. Idadi aliyoitaja ilikuwa 205, na siku chache tu baadaye ikawa 57. Huo si upelelezi.

Walioumia ni akina nani, basi? Mwimbaji Paul Robeson, ambaye alipokuwa akiishi London alijifunza hata Kiswahili, alinyang'anywa pasipoti mwaka 1950 kwa sababu ya misimamo yake, na hakurudishiwa hadi 1958. Mwaka 1952 alizuiwa hata kuvuka kwenda Kanada, ambako Wamarekani wa kawaida waliingia bila pasipoti, ikabidi apande juu ya lori mpakani na kuwaimbia maelfu ya watu waliokusanyika upande wa pili. W.E.B. Du Bois, mwanazuoni mwenye umri wa miaka 82, alishtakiwa mwaka 1951 kuwa wakala wa nchi ya kigeni asiyejisajili kwa kazi yake ya kupinga silaha za nyuklia, na mahakama ikamwachia huru.

Kwa maoni yangu, hasara kubwa zaidi ilikuwa ndani ya vyama vya wafanyakazi, ingawa hutajwa kwa nadra. Sheria ya Taft-Hartley ya mwaka 1947 iliwataka viongozi wa vyama hivyo kutia sahihi kiapo kwamba wao si wakomunisti, na CIO, shirikisho kubwa la vyama vya wafanyakazi, lilivifukuza vyama 11 kati ya 1949 na 1950, baadhi yake vikiwa miongoni mwa vile vilivyopigania kwa dhati zaidi haki za wafanyakazi weusi.

Serikali nayo ilijipofusha. John Service na John Paton Davies, wanadiplomasia walioifahamu China kwa kuishi humo, walionya mapema kwamba Chiang Kai-shek, kiongozi wa serikali ya China aliyepigana na wakomunisti, alikuwa akielekea kushindwa. Mao, kiongozi wa wakomunisti hao, aliposhika madaraka mwaka 1949 walitiliwa shaka kana kwamba wao ndio waliomsaidia, na wote wawili wakafukuzwa kazi. Marekani ikaingia Vietnam bila watu wa aina hiyo mezani, huku waliobaki wamekwisha jifunza kuwa taarifa ya kweli yaweza kumpoteza mtu ajira.

Kwa hiyo, namwomba ndugu yangu asitutajie Venona tena, bali atueleze ni siri gani ya taifa iliyookolewa kwa kumzuia Robeson mpakani au kwa kumfukuza Davies.